Tunakunywa ya Jirani, Tunamkojolea Jirani

Nianze kwa kukiri kosa. Shimo la choo la ploti yetu hapa Kitengela hujaa kila baada ya miezi michache. Likijaa, mlinzi anapita mlango kwa mlango kukusanya mchango, na kwenye grupu ya WhatsApp ya wapangaji mjadala huwa ni mmoja tu: lori gani ni la bei rahisi. Kuna lori la kunyonya maji taka linalokuja mchana, lina karatasi zake, na ni ghali. Kuna lingine huja saa nne usiku, bei yake ni karibu nusu, na risiti hakuna. Kwa miaka miwili tumelipa la usiku. Mimi pia nimelipa. Hakuna mtu kwenye grupu aliyewahi kuuliza linaenda kumwaga wapi, na si kwa sababu hatujui. Kutoka kwetu hadi mtoni si mbali.

Kesho yake asubuhi watu walewale tunasimama na mitungi yetu kwenye foleni, shilingi ishirini kila mtungi, tukiilaani Machakos kwamba imetuibia maji.

Hiyo ndiyo siasa ya maji hapa kwetu, na imenichosha. Kila mtu ana wimbo wa "maji yetu". Kajiado ina maji yake, Machakos ina yake, Murang'a ina yake, na Nairobi haina yoyote lakini inataka yote. Mimi nasema maneno hayo mawili, "maji yetu", ndiyo yanauua Mto Athi. Kaunti ikishasema maji ni yake, inachomaanisha kwa vitendo ni kwamba uchafu ni wa mwingine.

Tuanze na mkubwa wetu, Nairobi. Jina lenyewe limetoka kwa Kimaasai, enkare nairobi, maji baridi. Mji uliopewa jina la maji yake leo hauwezi kuyanywa. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Nairobi hutoka Bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994 kwenye Mto Thika. Mto Thika ni wa bonde la Tana. Kwa hivyo maji yanavutwa kutoka bonde moja, yanapita jikoni na chooni kwa watu zaidi ya milioni nne, halafu yanatokea upande wa pili wa mji. Mengine yanapitia mabwawa ya kusafisha maji taka kule Ruai, mengine yanatoka moja kwa moja kwenye mabomba yaliyopasuka na vyoo vilivyojengwa juu ya mto. Yanaingia Mto Nairobi, na Mto Nairobi unaingia Athi. Yaani Nairobi inakunywa Tana na kukojolea Athi. Viongozi wa Murang'a wamepiga kelele miaka mingi wakitaka kaunti yao ilipwe kitu kwa maji yanayoondoka. Sawa. Lakini wale wanaopokea maji hayo yakishatumika, nani amewahi hata kuwaomba radhi?

Sasa usicheke, mtu wa Kajiado. Sisi tuko vilevile, tofauti ni ukubwa wa bomba.

Chemchemi za Noolturesh ziko karibu na Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro. Mlima wenyewe uko Tanzania. Miaka thelathini na kitu iliyopita serikali ilitandaza bomba kutoka hapo, likakata nyika ya Kajiado kupeleka maji mbali, hadi Athi River na Machakos. Mfugaji akaliona bomba likipita karibu na boma lake, na bado akawa anatembeza ng'ombe nusu siku kutafuta kisima. Kati ya 2020 na 2023 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, na kila mtu aliyepita barabara ya Namanga miezi hiyo anakumbuka mizoga. Kwa hivyo mtu wa Kajiado akisema ameonewa, sitamwambia anyamaze. Ameonewa kweli. Maji yalipangwa na watu waliokaa ofisini Nairobi, wakachora mstari kutoka chemchemi hadi kiwanda, na katikati wakaona pori tupu.

Lakini tazama wanasiasa wanavyoitumia haki hiyo. Uchaguzi ukikaribia, mtu anapanda juu ya gari na kutangaza kwamba bomba litafungwa. Umati unashangilia, wengine wanarusha rungu juu. Halafu anashuka, anaingia kwenye gari lenye kiyoyozi, na mfugaji anarudi kwa kisima chake cha matope. Hakuna anayesimama kwenye mkutano huo akasema kwamba Kitengela nayo imekuwa ikingoja maji ya bomba hilohilo. Ukilifunga Loitokitok, umemfungia pia binamu yako anayepanga chumba huku.

Wenye pesa wamepata jibu lao: kuchimba. Kila mwenye ploti anataka kisima chake kirefu na tangi juu ya mnara wa vyuma. Sikatai, bila visima hivyo mji huu ungekuwa umekufa kiu. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 Kitengela, na mabomba ya umma hayajawahi kuwakimbilia kwa mwendo huo. Lakini maji ya visima hivi mengi yana chumvi ya kuua sabuni, na floridi ya kuacha meno ya watoto na madoa ya kahawia. Tena maji ya chini ya ardhi hayana ukuta wa ploti. Wewe ukishusha pampu yako chini zaidi, jirani naye anashusha yake, na mbio hizo hazina mshindi. Kisima cha kila mtu peke yake ni "maji yetu" ileile, ila imefungiwa geti.

Tuufuate mto basi, tuone unakoenda ukitoka kwetu.

Mbagathi unatoka upande wa Ngong, unapita mpakani mwa mbuga ya Nairobi. Mto Kitengela na mito midogo ya nyanda hizi inaelekea hukohuko. Athi ukishaundwa unapanda kaskazini kidogo, unapokea Mto Nairobi na mzigo wake wote, unafika Fourteen Falls karibu na Thika. Watu wa umri wa wazazi wetu walipiga picha za harusi hapo. Leo maporomoko yana povu kama beseni la kufulia. Kisha mto unageuka kusini mashariki, unapita katikati ya Ukambani, Machakos, Kitui na Makueni, ambako kuna watu wanaonywesha sukumawiki na ng'ombe kwa maji hayo kwa sababu hawana mengine. Hapo Athi unapokutana na Mto Thwake, serikali imekuwa ikijenga bwawa kubwa tangu 2018, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ili watu wa Makueni, Kitui na Machakos wapate maji ya kunywa. Fikiria hilo polepole. Tunakopa mabilioni kujenga tangi la maji ya kunywa kwenye mto ambao huku juu tunautumia kama choo.

Mto hauishii hapo. Unaingia Tsavo, unakutana na Mto Tsavo unaobeba maji ya upande wa Kilimanjaro na Chyulu, na kuanzia hapo watu wanauita Galana. Kwa hivyo mvua ya Kilimanjaro na maji taka ya Kitengela hukutana katikati ya pori, mbele ya viboko. Mbele zaidi jina linageuka tena, Sabaki. Pale Baricho, kaunti ya Kilifi, kuna visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa mto, na maji yake hupelekwa Malindi, Kilifi na Mombasa. Mchanga unachuja mengi, lakini mchanga si muujiza. Mwishowe Sabaki unaingia baharini kaskazini mwa Malindi, na misimu ya mvua bahari pale hugeuka kahawia kwa udongo uliotoka mashambani na machimbo ya mchanga ya huku bara. Ukienda likizo Malindi ukauliza mbona maji yana rangi ya chai, jibu ni kwamba ulifika pamoja na mto wako.

Mto mmoja, majina matatu, kaunti nane au zaidi. Na meza ya pamoja iko wapi?

Si kwamba hakuna kinachofanywa. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru mito ya Nairobi na Athi isafishwe, na jaa la Dandora lifungwe ndani ya miezi sita. Jaa bado linafuka moshi. Mwishoni mwa 2022 ikaundwa Tume ya Mito ya Nairobi. Machi 2025 ukazinduliwa mradi wa kufufua Mto Nairobi, kilomita 27 hivi, na vijana wengi wa rika letu wakapata kibarua cha kuzoa taka. Sidharau kibarua cha mtu. Ninachouliza ni hivi: hizo kilomita zinaishia Ruai. Baada ya Ruai mto una mamia ya kilomita hadi baharini. Tunasafisha sebule ambayo wageni watapiga picha, na taka tunazifagia hadi kwa jirani, kisha tunasema nyumba imeng'aa.

Nilipoanza kusoma sheria zenyewe nilitarajia kukuta pengo. Nilidhani labda Katiba ya 2010 ilisahau kwamba mito hupita mipaka. Haikusahau. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama, ya kutosha. Jedwali la Nne linagawa kazi: kulinda vyanzo na mito ni ya serikali ya taifa, huduma za maji na maji taka ni za kaunti. Mgawanyo huo ndio unawapa kichaka cha kujifichia. Ukiuliza kaunti kuhusu mto, unaambiwa mto ni wa taifa. Ukiuliza taifa kuhusu maji taka, unaambiwa hiyo ni kaunti. Lakini Kifungu cha 189 kinasema serikali hizi zishirikiane, na kinaziruhusu waziwazi kuunda kamati za pamoja na mamlaka za pamoja. Mlango upo. Haujafungwa. Hakuna gavana anayetaka kuwa wa kwanza kuuingia, kwa sababu kule ndani atalazimika kutaja uchafu wake mwenyewe.

Na wanajua kushirikiana wakitaka. Mwaka wa 2017 Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a ziliwekwa chini ya mamlaka moja ya uchukuzi, NaMATA, kwa hoja kwamba matatu hazijui mipaka ya kaunti. Hoja nzuri. Sasa niambie kama matatu haijui mpaka, mto unaujua? Kenya na Tanzania, nchi mbili zenye pasipoti mbili, huadhimisha Siku ya Mara pamoja kila tarehe 15 Septemba kwa sababu mto huo ni wa wote wawili. Nchi za Nile zimekaa meza moja tangu 1999, na ugomvi wao unaujua. Wamegombana wakiwa wamekaa. Sisi tunagombana tukiwa tumesimama juu ya magari.

Najua mtu tayari anasema: tume nyingine, mishahara mingine, magari mengine meusi. Namwelewa. Sheria ya Maji ya 2016 tayari ina kamati za mabonde, na kazi yake kubwa ni kushauri. Ushauri tunao wa kutosha. Ninachotaka ni mamlaka ya pamoja yenye kazi chache zinazoonekana. Kila lori la maji taka kutoka Ngong hadi Malindi liwe na namba moja, na lionyeshe risiti ya mahali lilipomwaga. Vipimo vya maji ya mto vibandikwe hadharani kila mwezi, kwa Kiswahili, mahali mtu wa kawaida atavisoma. Loitokitok ipate mifereji yake kabla ya yeyote, na ilipwe na kila mji unaokunywa Noolturesh, na sehemu ya pesa hizo ilinde chemchemi yenyewe. Majirani wa Tanzania waitwe, kwa sababu msitu wa mlima ukiisha upande wao, bomba letu litapitisha hewa.

Na mwenyekiti wa mamlaka hiyo atoke Kilifi. Nasema hivi bila mzaha. Atoke kwa yule anayekaa mwisho wa mto, ambaye hana mtu wa chini wa kumtupia. Tumezoea meza ambazo mkubwa wa juu ndiye anaongoza, na wa chini analetewa sodá na karatasi ya kutia sahihi. Tugeuze. Mtu wa Malindi akishika kalamu, utashangaa maji taka ya Nairobi yatakavyopata dawa haraka.

Mwingine ataniuliza, mbona unatupigia kelele sisi wa Kitengela, na Nairobi inachafua mara mia? Ni kweli inachafua zaidi. Lakini siwezi kusimama mbele ya Nairobi na lori la saa nne usiku nyuma yangu. Watu wa Makueni wakituuliza tulifanya nini, tutajibu kwamba tulikuwa tunamngoja mkubwa aanze? Mto haupimi nani alianza.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote ni ya mama jirani yangu, anayeishi na watoto watatu kwenye chumba kimoja. Aliniambia, "Wewe mtoto, hiyo pesa ya lori la mchana ni unga wa wiki." Sina jibu la kijanja kwake. Ana haki kabisa. Mtaa mkubwa kama huu, na sehemu kubwa yake haina mfereji wa maji taka, halafu mzigo wa uadilifu unatwikwa mpangaji wa chumba kimoja? Aliyepitisha michoro ya maghorofa bila kuuliza choo kitaenda wapi amelala salama. Mwenye ploti anachukua kodi kila tarehe tano na hajawahi kuchangia hata shilingi ya shimo. Kwa hivyo mama, sikulaumu. Lakini hao wote wanatutegemea tunyamaze, na kunyamaza ndiyo kitu pekee kwenye hadithi hii ambacho ni chetu kweli.

Tena mto hurudi kudai. Aprili 2024, mvua ilipozidi, Athi ulitoka kwenye kingo zake ukaingia majumbani, na watu wa pande hizi wakaokolewa kwa mashua. Serikali ikaamuru watu wahame kandokando ya mito. Maji yale yaliyofika magotini yalikuwa na kila kitu tulichomwaga mwaka mzima. Hakuna aliyeuliza wakati huo kama ni maji ya Kajiado au ya Machakos. Kwa siku chache tulikuwa kaunti moja, kaunti ya watu waliolowa. Kisha jua likawaka, tukaanika magodoro, tukarudia wimbo.

Kwa hivyo wenzangu, mnaosoma hii kwenye simu mkiwa ndani ya matatu pale kituoni, naomba mambo mawili. Mwaka wa 2027 mtu akija kuwaomba kura ya ugavana, msimuulize ataleta maji kutoka wapi. Muulizeni yatakwenda wapi yakitoka kwenu, na ameshazungumza na magavana gani wa chini ya mto. Akianza kuimba "maji yetu", mjue huyo. La pili ni dogo na ni gumu zaidi, kwa sababu linahusu majirani.

Shimo letu limejaa tena wiki hii. Mlinzi amepita. Kwenye grupu mtu akaweka namba ya lori la saa nne, kama kawaida. Nikaandika, "Linamwaga wapi?" Ujumbe ukasomwa na watu ishirini na mmoja. Kwa saa nzima hakuna aliyejibu. Kisha mmoja akaniandikia pembeni kwamba nimeanza kujifanya. Mwingine akauliza kama niko tayari kuwalipia wengine tofauti ya bei. Nikasema siwezi, lakini yangu nitatoa, na kwamba mwenye ploti aletwe kwenye grupu ajibu yeye mwenyewe. Mama wa chumba kimoja akaweka dole gumba.

Mpaka naandika hapa, mwenye ploti ameongezwa kwenye grupu na hajasema neno. Alama mbili za buluu zimetokea. Amesoma.